Ngazi Thelathini na Moja za Rawiya binti Sleiman

Assalaam alaykum. Tumeimaliza khitma, Mwenyezi Mungu aipokee, na sasa familia imemtaka Zahran, kaka wa marehemu, aisome historia hii, naye amekubali, ingawa msomaji huyu atatajwa humu mara nyingi kuliko anavyopenda.

Marehemu Rawiya binti Sleiman alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba hii hii ya Sokomuhogo, ghorofa ya juu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Sleiman na Bi Khawla, na tangu alipojua kuhesabu alikuwa akiwaambia wageni kwamba kutoka chumbani kwake hadi mlango wa njiani kuna ngazi thelathini na moja, na akikosolewa hukasirika.

Alianza skuli ya msingi mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, na madaftari yake yalijaa michoro mpaka kwenye majalada. Baba yetu alipofariki mwezi wa Mei 1998, msomaji ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba, akiwa na duka la vitambaa Darajani, na akawa na tabia ya kufunga mlango wa chini kila anapotoka na kutia ufunguo mfukoni, akisema mji umeharibika.

Mwezi wa Januari 2001 marehemu alijiunga na chuo kidogo cha kompyuta huko Jang'ombe, akasomea utengenezaji wa picha za pande tatu, zile ambazo mtu huzizungusha kwenye kioo akaona mbele, nyuma na ubavuni, kisha akazitia mwendo. Ruhusa aliipata kwa masharti mawili ya kaka yake, kwamba apelekwe na kurudishwa kwa Vespa, na kwamba asitengeneze sura ya kiumbe chenye roho, na yote mawili aliyakubali. Akatengeneza milango, mabirika na makanda, na mwisho akaijenga nyumba yetu nzima ndani ya kompyuta, hata ule ufa wa ukutani tuliokwisha kuuzoea.

Matatizo yalikuja kwenye mtihani wa mwisho, uliotaka mtu anayetembea. Rawiya hakubishana na mwalimu wala na kaka, alichukua mitalawanda ya marehemu bibi yetu, vile viatu vya mti, akawa anapanda na kushuka nayo ngazi siku nzima, kokoko, kokoko, akitazama saa ya mkononi na kuandika kila hatua imechukua muda gani, mpaka msomaji akampigia kelele aache kuwatia watu wazimu.

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2003 wazazi na walezi walialikwa chuoni kutazama kazi za wanafunzi. Ya Rawiya ilikuwa ya dakika moja tu, mitalawanda miwili isiyo na mtu inashuka ngazi zetu, inafika kwenye mlango wa chini, inasimama, inageuka, na inapanda tena juu. Mwalimu wake, Bwana Mjaka, akamuuliza mbele ya watu kwa nini inarudi, naye akajibu, "Ufunguo anao kaka." Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka kuliko wote ni msomaji, ambaye alisimama, akautoa ufunguo mfukoni na kuwaonesha watu.

Alifaulu kuwashinda wenzake wote. Kuhusu kazi, mwezi wa Oktoba mwaka huo kampuni moja ya matangazo ya televisheni ya Dar es Salaam ilimwandikia barua ya kumwita, barua ikaja kwenye sanduku la posta la duka, na kwa kuwa mama alikuwa ameshapigwa na kiharusi, msomaji aliona si wakati wake, akaiweka barua chini ya majora ya vitambaa mpaka siku zilipopita. Bwana Mjaka alikuja kumwambia Rawiya baadaye, na Rawiya hakuliuliza jambo hilo hata mara moja, na bora angeuliza. Alimuuguza mama miaka miwili na nusu, na huku akiwachorea wajenzi hoteli za Nungwi, pwani yake na vyumba vyake, mahali ambapo hakupata kufika.

Hakujaaliwa ndoa wala watoto. Posa mbili zilikuja, akazikataa zote, akisema hana haja ya kuhamishwa ghorofa.

Mama alifariki Februari 2006, na Agosti mwaka huo huo Rawiya akaanza kuvimba miguu, madaktari wakagundua ugonjwa wa moyo na wakamkataza ngazi. Mwezi wa Ramadhani uliopita kaka yake alimwambia atambeba amshushe akae barazani apate hewa, naye akajibu taratibu, "Nshazoea, kaka, usijisumbue."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2008, saa mbili asubuhi. Wakati marehemu akioshwa, msomaji aliufunga mlango wa chini ili watu wasipande ovyo, na baada ya adhuhuri tulipomshusha, watu wanne, msomaji mbele, tulifika ngazi ya mwisho mlango ukiwa umefungwa. Jeneza likasimama pale pale ilipokuwa ikisimama mitalawanda, na mikono ya msomaji ikawa inatafuta ufunguo mfuko huu na mfuko ule, wala hakuna aliyecheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Mjaka na waliosoma naye, majirani wa Sokomuhogo, na kina mama waliomwosha na kumsitiri. Mwenye jambo na marehemu tunamuomba amsamehe, ingawa msomaji, aliyekaa naye miaka ishirini na tisa, halijui hata moja, na anayehitaji kusamehewa ndiye aliyeshika karatasi hii. Kufuli ya mlango wa chini imeng'olewa jana. Mola akupanulie kaburi lako, Rawiya, upumzike kwa amani, na huko usimngojee mtu akufungulie.