Bi Kona, Aliyepanda na Kila Katoni

Tarehe thelathini mwezi huu, saa za kazi zikiisha, Bi Kona atatundika koti lake la kazi kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha majaribio, na hatalivaa tena. Atakuwa amekitumikia kiwanda hiki miaka thelathini na minne, yote katika chumba hicho kimoja chenye sakafu ya chuma, ambacho wageni wakichungulia hudhani ni stoo iliyopitiwa na tetemeko. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwenye jarida la kiwanda maneno machache ya kuchangamsha, yatakayosomwa pia ukumbini. Nimekaa naye meza moja miaka mingi, kwa hiyo ninayo ya kuchangamsha na ninayo mengine. Nitaandika yote.

Kwa wenzetu wa uhasibu ambao hawajawahi kushuka huku chini: sisi tunafungasha vitu vinavyoua. Chupa ya asidi huingia kwenye mfuko, mfuko huingia kwenye katoni, na katikati hushindiliwa kitu laini cha kuikinga chupa isigongwe na cha kunyonya kitakachomwagika. Kazi ya Bi Kona ni kuona kama mpango huo wote unashika. Huzijaza chupa maji yenye rangi nyekundu, huzipanga, huinua katoni kwa mashine mpaka kimo cha mtu, kisha huiachia. Sakafu ikipata hata tone moja jekundu, katoni imeshindwa, na mwenye katoni arudi kwao akajipange upya.

Wapimaji wengine huanza kwa kuangusha upande wa chini, ambao hauna shida. Yeye huanza na kona. Anasema ubavu una nafasi ya kutandaza pigo, lakini kona hupigwa peke yake. Ndiyo sababu ya jina. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana kwenye orodha ya mishahara tu, na siku moja mgeni alipoliuliza getini, mlinzi alimwambia mtu huyo hayupo hapa.

Hana simile na vitu vya watu. Akienda dukani hununua chupa ya mafuta baada ya kuipindua kichwa chini na kuitikisa sikioni, na muuza duka wa hapo nje amezoea, humwekea kitambaa kabisa. Tulipohamishia jiko jengo jipya, alifungasha vikombe vyote vya wafanyakazi, akaliinua lile boksi mpaka begani na kuliachia sakafuni mbele yetu sote. Hakikuvunjika kikombe hata kimoja. Mkurugenzi, ambaye alijifungashia vyombo vyake mwenyewe kwa gazeti, alikunywa chai kwenye kikombe cha kuazima mwezi mzima.

Yupo pia yule muuzaji wa katoni aliyekuja na suti ya kijivu akitamba kwamba bidhaa yake haiwezi kupasuka hata ikianguka kutoka mawinguni. Bi Kona alimsikiliza kwa adabu zote, akamwomba asogee nyuma kidogo. Hakusogea. Suti ile ilirudi kwao ikiwa na madoa mekundu kuanzia goti mpaka tai, na hatujamwona tena mpaka leo.

Hapo ndipo ningependa kuishia, na kamati nayo ingefurahi. Lakini kila mtu aliyekuwa hapa miaka ishirini na miwili iliyopita atajua nimeruka nini, na Bi Kona atakuwa wa kwanza kujua.

Wakati ule, kati ya chupa na katoni tulikuwa tunamimina chengachenga za madini, nyepesi, zinazonyonya kama sponji na haziwaki hata ukizitia kwenye jiko. Zilikuwa na vumbi. Kina mama wa meza ya kufungasha walikuwa wanakohoa mpaka machozi, na Bi Kona, ambaye hapendi kuona mtu akiteseka wakati yeye ana mikono, alitafuta njia nyingine. Aliondoa chengachenga akaweka karatasi iliyokatwakatwa. Aliijaribu kwa wiki nzima. Karatasi ilishinda kila kitu: katoni ilianguka kona, ikaanguka ubavu, ikabebeshwa mzigo usiku kucha, ikatikiswa mezani, na sakafu ikabaki kavu. Kikohozi kikaisha. Jarida hili hili lilimpiga picha akiwa ameshika katoni hiyo, anacheka, na picha ilibandikwa ukutani kwa mkurugenzi.

Katoni ile ilitengenezwa kwa ajili ya sabuni za viwandani, na kwa sabuni haikuwa na neno. Kisha ikaja oda ya asidi kali. Chupa zilikuwa zilezile, uzito uleule, kizibo kilekile. Chumbani kwetu hayo ndiyo tuliyokuwa tunayaangalia, kwa sababu sisi tunajaribu kwa maji, na maji hayana ugomvi na karatasi. Bi Kona akagonga muhuri. Hakuna aliyemsukuma, wala hakuna aliyemzuia.

Dereva wa lori lile sote tulimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa mume wa mdogo wake Bi Kona, na kazi aliipata kwa kuombewa na Bi Kona mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akipita dirishani kwetu kila asubuhi kumwuliza shemeji yake leo amevunja nini. Siku ile ilikuwa ya joto kali na barabara ilikuwa mbovu. Huko nyuma ya lori kizibo kimoja kililegea kwa mtikisiko, asidi ikajipenyeza polepole kwenye karatasi, na karatasi ikaanza kufuka. Chupa za jirani zikapasuka kwa joto. Shemeji aliona moshi kwenye kioo cha pembeni, akasimama, akashuka akafungua mlango wa nyuma ili auokoe mzigo. Akavuta mvuke ule kifua kizima. Alifika hospitali akitembea kwa miguu yake, akizungumza, anatania wauguzi, na madaktari walijua kabla yake kwamba mapafu yalikuwa yanaungua ndani. Alifariki siku ya tatu.

Msibani nilikuwepo. Bi Kona aliingia akiwa amejifunika, akaenda moja kwa moja alipokaa mdogo wake akiwa na watoto wawili mapajani, akapiga magoti. Yule mjane akamwuliza dada yake kwa sauti ambayo waliokuwa nje waliisikia pia:

“Si ulilipitisha wewe hilo boksi? Sasa mbona hukupanda nalo?”

Bi Kona alikaa pale magotini mpaka shangazi yao akaja kumwinua. Tangu siku ile mdogo wake hakumsemesha tena, si kwa simu, si misibani, si kwenye harusi ya binamu yao ambako walikaa viti viwili mbali na kila mmoja akatazama mbele.

Wengi tulidhani ataacha kazi. Uongozi haukumwadhibu, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi. Aliomba picha yake ishushwe ukutani, akarudi chumbani, akaanza kubadilisha mambo. Chengachenga zilirudi siku hiyohiyo, na kina mama wa mezani wakapewa barakoa na feni ya kuvuta vumbi, vitu ambavyo tungeweza kuwapa tangu mwanzo. Alianzisha kile tunachokiita jaribio la kisahani: chochote kitakachokaa karibu na chupa, kiwe karatasi, maranda au sponji, kwanza huwekwa kidogo kwenye kisahani ndani ya sanduku la vioo na kudondoshewa kile hasa kitakachosafiri, siyo maji. Nimeona visahani vikiwaka. Nimeona vitu vinavyouzwa kwa jina la kinga vikiyeyuka kama jibini. Vizibo navyo hupitishwa kwenye joto na mtikisiko, kisha hupimwa kama vimelegea. Viwanda vingine vimekuja kuiga utaratibu huu, na vimeondoka na sifa ambazo yeye hakuzitaka.

Lakini jambo analojulikana nalo ni kupanda. Katoni yoyote mpya, au ya zamani iliyobadilishwa hata utepe tu, inapotoka hapa kwa mara ya kwanza, aliyeipitisha hupanda nayo. Hukaa kabini pamoja na dereva mpaka mzigo ushushwe. Hilo halikuandikwa popote. Alianza yeye mwezi uliofuata baada ya msiba, akiwa na chupa ya maji na kitambaa cha kichwa, akapanda bila kumuaga mtu.

Watu wa bima walikuja juu. Wakasema mpimaji si dereva, si utingo, hana haki ya kuwa ndani ya lori lile. Bi Kona aliwasikiliza kwa adabu ileile aliyomsikilizia yule wa suti, kisha akatoka, akapanda kabini, akafunga mlango na kuwaambia aliye na nguvu aje amtoe. Mkurugenzi akanyoosha mikono. Tangu hapo madereva wamemzoea. Wanasema hasinzii, haongei sana, na kila mahali wanaposimama hushuka kwanza yeye, akanusa nyuma ya mlango kabla mtu mwingine hajaushika. Safari moja alinusa, akawafukuza wote mbali, akaita kikosi cha zimamoto. Katoni moja ilikuwa imelowa kwenye kona. Watu wawili waliokuwa kwenye lori lile watakuwa ukumbini siku ya sherehe, na wamesema mabegi ya zawadi watayabeba wao.

Miaka hii ya mwisho magoti yamemkataa. Tulikuwa tunamsukuma kumpandisha kabini, mimi huku na dereva kule, naye anatutukana kwa upole. Nilimwomba mara nyingi aniachie mimi. Alinijibu kwamba hajaulizwa mtu mwingine, ameulizwa yeye.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, nilipotumwa na kamati kupeleka mialiko ya familia, wa mdogo wake niliuweka mwisho, roho ikiwa mkononi. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani imeelekea dirishani. Nilijitambulisha na kutaja ninapofanya kazi, mguu wake ukasimama juu ya pedeli. Nikawa natazama rafu. Zilikuwa zimejaa maboksi, ya nyuzi, ya vifungo, ya vitambaa, na kila moja lilikuwa na utepe uliobandikwa katikati na kwenye kingo zote mbili, umekazwa bila kikunjo. Mkono ule naujua. Kumbe miaka yote Bi Kona alikuwa anatuma viatu na madaftari ya watoto kwa kupitia watu, bila kuweka jina. Mama huyu alitoa vilivyokuwemo, hakutuma asante, wala hakutupa hata boksi moja.

Akaona ninapotazama. Akaniuliza kama ni kweli dada yake bado anapanda lori. Nikamwambia ni kweli, kila mzigo wa kwanza. Akauliza, hata sasa, na magoti yale? Nikamwambia hata mwezi uliopita, tulimpandisha kwa kumsukuma. Akainama juu ya kitambaa, na mimi nikadhani nimeharibu. Alipoinua uso alikuwa analia bila sauti. Alisema ukumbini hatakuja, kwa kuwa miguu yake haijui itaingiaje mlango wa kiwanda kile, na akaniomba nisimlaumu. Kisha akanipa maneno, akanifanya niyarudie mbele yake nisije nikayakosea, akasisitiza yasisemwe faraghani.

Basi, Bi Kona, sasa nasema na wewe. Najua haya yakisomwa utakuwa kiti cha mbele, umekunja uso kwa sababu nimeandika mengi. Wafanyakazi wote wa kiwanda hiki wanakushukuru. Kina mama wa meza ya kufungasha wanakushukuru kwa vifua vyao, madereva na utingo wanakushukuru kwa kila jioni waliyofika nyumbani wakakuta chakula mezani, na mimi nakushukuru kwa kunifundisha kuogopa kona. Mdogo wako anasema hivi, kama alivyoniambia:

“Nilimwuliza mbele ya watu, kwa hiyo na hili lisemwe mbele ya watu. Mwambieni dada yangu amepanda vya kutosha. Mwambieni ashuke, aje nyumbani.”

Jumatatu asubuhi lori linaondoka na katoni mpya za kiwanda cha rangi. Nimezipitisha mimi, nitapanda mimi, na dereva ameshaniwekea mfuko kwa ajili ya kichefuchefu changu. Wewe siku hiyo usiamke mapema. Lala mpaka jua likufikie kitandani, kunywa chai yako bila kuitikisa chupa ya maziwa, halafu nenda kwa mdogo wako. Uzee wako uwe mwepesi, Bi Kona, na kila utakapoketi uketi bila kunusa mlango.