Bwana Anaeli Sumari na Karatasi Zilizopeperuka Mjini

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1957, Bwana Anaeli Sumari, karani mkuu wa masijala, anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa muda wote huo, mtu yeyote wa Arusha aliyetaka kujua kiwanja chake kinaishia wapi, mtoto wake aliandikishwa kwa jina gani, au kesi ya marehemu baba yake iliamuliwaje, alipita mbele ya meza yake. Wengi waliingia wamenuna wakatoka wanacheka. Sisi tuliofanya kazi naye tumecheka kuliko wote, kwa hiyo wasomaji wasitegemee machozi katika wasifu huu.

Bwana Anaeli ni mtu wa Kikwe, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi. Hakuja ofisini kutafuta kazi. Alikuja kutafuta tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu mwalimu wa misheni aliihitaji kwa cheti cha shule. Tarehe hiyo haikuwa imeandikwa popote. Mama yake alikumbuka tu kwamba mwaka ule upepo uliangusha migomba mingi. Kijana alipokuwa akisubiri kupewa jibu, aliona mafaili yamelundikwa sakafuni kama kuni, akashindwa kuvumilia, akaanza kuyapanga. Karani wa siku zile aliporudi kutoka kula alikuta njia ya kupita, kitu ambacho hakikuwapo alipoondoka. Akamwambia kijana huyo arudi kesho. Akarudi, na hajaacha kurudi mpaka leo. Serikali imekadiria kwamba sasa ametimiza umri wa kustaafu. Yeye anasema inawezekana.

Kazi ya kutafuta kumbukumbu katika mji wetu ina vituko vyake. Majina ya Kimeru na ya Kimaasai yaliandikwa na kila ofisa jinsi sikio lake lilivyomruhusu, na mtu mmoja angeweza kuwa na majina kadhaa asiyoyajua. Bwana Anaeli akaamua kupanga upya kila kitu kwa ukoo na mahali mtu alikotoka. Mtu akija hajui mwaka wa kesi yake, humuuliza mvua zilikuwa zimeanza au bado, ng'ombe walikuwa wanalishwa wapi, na nani alikuwa mjamzito. Kisha huingia ndani akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani na kutoka na faili.

Tunamkumbuka Mzee Aminieli wa Elerai, aliyekuja kuomba nakala ya ndoa yake. Bwana Anaeli alifunua daftari, akasoma, akasimama na kuvua kofia.

"Pole sana na msiba, mzee wangu."

"Msiba wa nani tena?" mzee akashtuka.

"Wako. Hapa umeandikwa ulifariki mwaka juzi."

Alikuwa amechanganywa na mtu wa jina lake. Mzee Aminieli alifikiri kidogo, kisha akainama mezani na kunong'ona: "Sasa kama nimekufa, kodi ya kichwa inanihusu kweli?" Bwana Anaeli alichovya kalamu haraka haraka akamfufua kabla Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, hajasikia.

Lakini habari ambayo mji mzima unaisimulia, kila mtu kwa namna yake, ni ile ya mwaka 1949. Sisi tulikuwapo, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, na maji yaliingia masijala kutoka juu. Mafaili yakaanza kuvimba na kunuka uyoga. Asubuhi ya kwanza yenye jua, Bwana Anaeli alimwomba Bwana Shauri ruhusa ya kuyaanika nje, akakubaliwa. Tukatandaza kesi, hati za viwanja, vizazi na vifo vya Arusha nzima kwenye majani, kila karatasi na kijiwe chake. Ilikuwa inapendeza kuangalia. Tulisimama mlangoni tukijisifu.

Ndipo kisulisuli kikashuka kutoka upande wa Meru. Kilizungukazunguka uwanjani kama kinachagua, kikanyanyua karatasi zote juu ya paa na kuzipeleka mjini. Bwana Anaeli alipiga kelele moja tu, "Jamani, ndoa za watu!" akatimua mbio akiwa ameshika kofia yake kwa mkono mmoja. Tukamfuata.

Mji ulifanya kazi siku ile ambayo hatutaisahau. Wanawake walinasa hati za viwanja kwa kanga. Fundi baiskeli aliokota talaka, akaisoma kwa sauti kabla hatujamnyang'anya. Mbuzi mmoja alikula kizazi cha mtu, na Bwana Anaeli akamkamata pembe na kuokoa nusu yenye jina. Mpiga mbiu alipotangaza sokoni kwamba serikali inataka karatasi zake, watu wakaogopa, wakaleta kila karatasi waliyokuwa nayo. Tulipokea barua za mapenzi, vyeti vya chanjo za ng'ombe na kurasa za kitabu cha nyimbo. Barua za mapenzi ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi kurudishiwa wenyewe, maana wengine walizikana.

Karibu kila kitu kilipatikana. Ukurasa mmoja tu ndio uliokosekana, na huo ndio uliokuwa na mwenyewe anayeusubiri.

Mwenyewe alikuwa Namnyaki, mjane wa Kiarusha aliyekuwa akiishi Levolosi na watoto wake wadogo. Miaka ya nyuma baraza lilikuwa limeamua kwamba kiwanja chao ni cha mumewe na yeye. Sasa mume amekufa, na shemeji yake alikuwa amefungua shauri akidai kiwanja ni cha kwake. Hukumu ile ya zamani, yenye muhuri, haikuwa na nakala nyingine. Shauri lilikuwa lisikilizwe kesho yake.

Namnyaki alikuja ofisini jioni ile akasimama mbele ya meza. Hakulia wala hakugomba.

"Wameniambia karatasi yangu imeruka," alisema.

"Imeruka, mama. Ni mimi niliyeianika."

"Basi ni wewe utakayeishusha," Namnyaki akasema, akaenda zake.

Bwana Anaeli alifunga masijala akaenda nyumbani bila kupiga mluzi. Usoni alikuwa kama mtu aliyepigwa. Mkewe, Mama Lydia, alitusimulia baadaye kwamba hakugusa chakula, na kwamba alikuwa ameanza kuandika barua ya kujiuzulu akaichana. Asubuhi akaamka na wazo. Aliyeokota karatasi nzuri na kuogopa serikali alikuwa ameshaileta. Asiyeileta ni yule aliyekuwa na kazi nayo. Na sokoni, nani ana kazi na karatasi? Wauza karanga, wauza magadi, na wauza ugoro.

Akaanza kupita meza moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba hakuna muuzaji aliyekubali vifungashio vyake vichunguzwe na mtu asiyenunua. Kwa hiyo akanunua. Tulipomkuta mifuko ya koti lake ilikuwa imejaa karanga, na magadi yanamwagika kwenye viatu. Mwisho akafika kwa Bibi Susana, muuza ugoro, ambaye siku hiyo alikuwa ameweka bidhaa yake yote katika mfuko mmoja mkubwa wa karatasi nene. Kwenye ubavu wa mfuko, mwekundu kabisa, ulionekana muhuri wa baraza.

"Shikamoo, bibi," Bwana Anaeli alisema. "Karatasi hiyo ni nyumba ya mtu."

"Marahaba, mwanangu. Na huu ugoro je? Niumwage wapi, mchangani?"

Sasa, wote wanaomfahamu Bwana Anaeli wanaijua kofia yake ya enzi zile, ya kijivu, aliyoivaa kanisani na ofisini na ambayo hakumruhusu mtu kuishika. Aliivua, akaigeuza, akaipeleka mbele kwa mikono miwili.

"Mwaga humu, bibi."

Bibi Susana akamwaga wote.

Baraza lilikuwa limeshaanza alipoingia kichwa wazi, anahema, ukurasa ukiwa kifuani. Hakimu aliupokea, akaukunjua, akausogeza karibu na macho kwa sababu wino ulikuwa umefifia. Alifika mstari wa pili akapiga chafya iliyotikisa meza. Akajaribu tena, akapiga nyingine. Karani wa baraza akaupokea amsomee, naye akashindwa. Ukurasa ukazunguka kwa wazee wa baraza, na kila aliyeushika alipiga chafya akampa jirani yake. Tukawa tunapiga chafya ukumbi mzima, watu wanashikana mabega, machozi yanatiririka.

Shemeji akasimama kwa hasira. "Bwana Hakimu, karatasi hii si ya kweli! Hii ni… hii ni…" Chafya ikamkalisha chini, na hakuinuka tena.

"Ni ya kweli," hakimu akasema akijifuta uso kwa leso. "Nimeisoma, na muhuri naujua. Imenifika mpaka ubongoni. Kiwanja ni cha Namnyaki na watoto wake."

Vigelegele vilipigwa, chafya zikiwa katikati. Namnyaki alimwendea Bwana Anaeli, akamshika mikono yote miwili, akasema "Ashe naleng", yaani asante sana, mara nyingi, kisha akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyebeba mzigo mzito akautua. Naye Bwana Anaeli akacheka mpaka akaketi sakafuni. Kofia hakuipata tena. Bibi Susana aliipenda, akaendelea kuuzia ugoro ndani yake kwa miaka.

Tangu mwaka ule hakuna hukumu wala hati iliyowekwa masijala bila nakala ya pili katika chumba kingine. Huo ulikuwa uamuzi wake, na alipambana na wakubwa kadhaa mpaka ukakubaliwa. Rafu za chuma na bati jipya juu yetu pia ni matunda ya ubishi wake. Amewafundisha kazi makarani walioko sasa Moshi na Mbulu, na tunasikia nao wanapiga mluzi.

Sasa anarudi Kikwe, kwenye kahawa yake na kwa Mama Lydia, ambaye ametuma salamu na ombi moja: tusimfuate mumewe huko kumuuliza faili liko wapi. Tumeahidi. Tutakuja Jumapili baada ya ibada, mikono mitupu, tukiomba kikombe cha kahawa tu. Na tukijisahau tukauliza, Mama Lydia atufukuze, nasi tutakimbia kwa furaha.

Asante, Bwana Anaeli, kwa kila mtu uliyemtafutia kilicho chake. Kahawa ikubali, miguu isikuume, na siku zako zote za mbele ziwe za utulivu na vicheko.

Dismasi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa masijala