Verlene Haskett na Bomba la Tillman Creek

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi watu wa mabomba mliokuja na buti za kazi hadi kanisani, mimi ni Dewey Stallcup, mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ingawa yeye angetaka kwanza aikague karatasi hii na kuijaza alama nyekundu.

Dada yetu Verlene Ruth Haskett alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 hapa Tillman Creek, kaunti ya Kay, Oklahoma, maili sita kutoka mpaka wa Kansas, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Emmett Stallcup, mchimba visima vya mafuta, na mama Opal, mpishi wa shule. Alisoma hapa hapa kuanzia 1954, akamaliza sekondari Mei 1966, akaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kule Stillwater na kuhitimu uhandisi Mei 1970, mwanamke pekee darasani, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, aliibeba picha ya mahafali mfukoni hadi ikachakaa.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa katika kanisa hili na Orrin Haskett, fundi wa mabasi ya shule, wakajaliwa Rhonda mwaka 1974 na Clay mwaka 1977, na tarehe 3 Machi 1975, baada ya miaka mitano ya kuchora ramani za mabomba kule Tulsa, aliajiriwa na serikali kuu kuwa mkaguzi wa mabomba ya mafuta. Kila alipoingia mgahawani walikuwapo wa kupaza sauti, "Bibi wa Washington huyo, ficheni mabomba!" naye akajibu, "Kunywa kahawa yako, Floyd, bomba lako nimeshaliona," kisha akaagiza mayai yake.

Sasa nifike mwaka 1982, ambao familia imeniomba niupite haraka, nami nimekataa. Kampuni moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nayo ni marehemu, ilitandaza bomba jipya kutoka visima vya kusini hadi matangi mawili ya hapa kwetu, na kutoka kwenye matangi hayo bomba la zamani liliendelea hadi Kansas. Sheria ya serikali kuu wakati ule ililihusu bomba linalovusha mafuta kutoka jimbo hadi jimbo, nayo ilitaka bomba jipya lijazwe maji na kupimwa saa ishirini na nne, kwa nguvu kubwa kuliko ile ya kazi, kabla ya kupitisha mafuta. Kampuni ikadai mafuta yake yanaanzia Oklahoma na kuishia Oklahoma, kwenye matangi, basi Washington haiwahusu, ikafungulia mafuta bila kipimo hicho.

Mimi nilikuwa mpimaji wa matangi hayo, kazi yangu kuteremsha utepe wa chuma tangini, kusoma mafuta yamefika wapi, na kuandika daftarini saa ya kufungua na kufunga kila valvu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, jamani, niliringa nao. Tarehe 13 Septemba Verlene alikuja na gari la serikali akaomba madaftari, nami nikampa kwa mikono yangu, na kahawa juu. Wakubwa walikuwa wamesahau kwamba mpimaji huandika kila kitu. Daftari lilionyesha kwamba valvu ya kuingizia na ile ya Kansas zilikuwa wazi pamoja tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mafuta hayakuwa yakiishia pale, yalikuwa yakipita tu, na hati za usafirishaji zilitaja mnunuzi wa Kansas tangu kisimani. Ndani ya siku kumi bomba likafungwa, na sisi wanaume kumi na mmoja tukarudishwa nyumbani.

Nilimfuata hadi mlangoni kwake nikiwa nimefura. "Umetumia mwandiko wangu kunifukuzisha kazi!" Akaniambia, "Dewey, mwandiko wako ndio kitu cha kweli pekee nilichokuta pale." Nikamwambia bomba limepita nyuma ya nyumba yangu wala silalamiki, yeye linamuuma nini, akajibu maneno mawili tu, "Ndiyo maana." Nikampiga marufuku kukanyaga kwangu.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, bomba likiwa limejazwa maji kwa kipimo alichoamuru, kiungo kimoja kilipasuka hatua arobaini kutoka jikoni kwangu. Maji yaliruka kupita paa. Mke wangu Wanda Jo alikuwa anaanika nguo, na Krista, binti yetu wa miezi mitano, alikuwa kapuni miguuni pake, wakalowa chapachapa, na Wanda Jo akapiga kelele, "Dewey! Nani kafungua maji, na nguo ndiyo kwanza nazianika!" Nilitazama shimo lile, refu kama lori, nikakumbuka maharage yalikuwa motoni na dirisha la jiko wazi, na kwamba kama yangekuwa mafuta badala ya maji tungeungua sote, nikakaa kwenye matope. Verlene alifika, akaupima ufa, akaandika, kisha akaomba taulo na kumkausha mtoto.

Kiungo kilibadilishwa, bomba likapimwa upya, tukarudi kazini Desemba. Yeye aliendelea hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010, akiwa amefundisha wakaguzi zaidi ya thelathini, na tunaona fahari kuwaona baadhi yao hapa. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa mara nne Ponca City, akafariki tarehe 21 Februari 2023 akiwa na miaka 74, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mabakuli ya viazi na jibini hadi friji likagoma kufunga, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka majimbo manne.

Baada ya Jumamosi ile nilirudi kula kwake kila Jumapili, nikamtengenezea paa, tukaongea kila kitu isipokuwa bomba lile na ugomvi wetu. Hospitalini nilikwenda nalo neno mdomoni, nikaishia kumuuliza kama supu ina chumvi. Basi Verlene, mbele ya watu hawa wote, wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, na Wanda Jo na Krista wameketi pale mstari wa mbele kwa sababu hukunisikiliza. Nenda kapumzike, dada. Asante.