Kichwa cha Mwanafikra wa Tatu

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni dada yake Fundi Lipu, muuza kahawa wa kijiwe cha mbele ya kinyozi, wiki ileile baraza la mji lilipoamua kumvunja mmoja wa Wanafikra Watatu, sanamu za mjini. Wawili walikuwa na picha. Wa tatu hakupigwa picha maisha yake yote. Fundi Lipu, aliyepewa kazi ya kumfinyanga kwa saruji, alikuwa na siku nne na hana sura. Akampa sura ya marehemu baba yake, mshona viatu asiyejua a wala be. Hakumwambia mtu. Na nyumbani kwao hapakuwa na hata picha moja ya mzee. Sasa mji umegombana juu ya mawazo ya huyo wa tatu, na baraza limetangaza kuwa kesho asubuhi anavunjwa. Wanakijiwe wakaenda kumtazama, wakarudi na kiu.

— Uso nimeusoma, akasema Profesa, kinyozi mwenye elimu ya magazeti yanayosahauliwa na wateja. Mtu wa kiburi. Alitaka ndoa zifutwe.

— Afadhali ndoa, akasema Spana, fundi baiskeli. Mimi nimesikia alitaka baiskeli ziwe za wote. Pancha nitamzibia nani?

— Na lile paji! akasema Profesa. Mikunjo kama shuka la mgonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi, hukuiona?

— Niliiona.

Aliichora mwenyewe kwa ncha ya kijiko, mkunjo mmoja mmoja, akiikumbuka.

— Mwache avunjwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lipi, Profesa? Kaishia kifuani!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Kikombe cha Fundi Lipu kikamwagika.

— Sikilizeni, Profesa akashusha sauti. Huyo mwanafikra hajapata kuzaliwa. Yule pale ni baba mkwe wa meya.

— Ndiyo maana! Pua ya kula bila kuitwa!

— Pua iacheni, akasema Fundi Lipu.

— Ee, imekuwa ya kwenu?

Akafungua kinywa. Akisema, mji mzima utamwita tapeli. Asiposema, kesho nyundo.

Hapo akatokea mama yake, mwavuli mkononi, miguu imevimba.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Natoka kliniki. Leo dereva katuzungusha kule kwenye sanamu. Akamgeukia mwanawe. Nani kamvua baba yako kofia?

Profesa akamtazama Spana. Spana akalitazama birika.

— Miaka arobaini na moja hakutoka nje kichwa wazi, akionea haya upara wake. Ninyi mmemwanika juani. Nani kamvua?



Asubuhi wavunjaji walimkuta Fundi Lipu amekwisha panda na msumeno wake. Chini walisimama Profesa na Spana, wameshika toroli, wakibishana nani asukume. Kichwa kilishuka kizima.

Dada aliyesimulia ameshatangulia. Profesa naye alifariki mwaka juzi, katikati ya ubishi. Spana yu hai, ila hasikii vizuri. Fundi Lipu yu hai. Mama yao yu hai pia. Kichwa kiko sebuleni kwake, kimevaa kofia, na wageni hukiamkia.