Walinirudishia Kovu Langu

Bwana Yesu asifiwe! Siwasikii. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa najua nimefika nyumbani, Sanyuanli hii hii ya huku Uchina, nilikokuwa nahangaika na marobota ya nguo kabla sijawa diwani. Na hilo la "Mheshimiwa Mbunge" liacheni bungeni. Hapa mimi ni Mama Tumaini wenu.

Ndugu zangu, tazameni shavu langu la kushoto. Nilimwagikiwa uji wa moto nikiwa mtoto, na kovu hili nimelificha maisha yangu yote. Mnakumbuka nilivyokuwa navuta mtandio hata kwenye joto la huku! Nilipopata udiwani kule nchini kwetu, nilihangaikia maji mpaka bomba likafika sokoni kwetu, lakini siku ya kulifungua nilisimama nimeinama kama mwizi wa kuku.

Nikagombea ubunge. Fulana za kampeni nikaagiza huku, kwa binti mmoja Mchina mwenye duka la kuchapa, tumezoeana naye siku nyingi. Picha pekee ya uso mzima niliyokuwa nayo ni ya pasipoti, nikamtumia hiyo. Binti wa watu, kwa upendo wake, akaisafisha kama wanavyosafisha picha za maharusi: akanitakatisha, akanichonga kidevu, kovu akalifuta! Marobota tukayafungulia mkutanoni, mbele ya umati. Halafu mama mmoja akauliza, "Huyu ni nani?"

Jamani, walicheka! Mpinzani wangu naye hakulaza damu. Kila jukwaa anauliza watu wanamtaka yupi, wa kwenye fulana au huyu anayejifunika. Nikajifungia ndani. Nikamwambia Mungu, basi, najitoa. Uso wangu wa kweli ni aibu, na wa fulana ni kichekesho.

Mungu hakutuma malaika, wapendwa. Alimtuma Mama Zawadi, muuza vitumbua, na wanawake wa soko nyuma yake, kila mmoja na kalamu ya wino mweusi! Hata hodi hawakupiga vizuri. Wakamwaga fulana barazani, wakaanza kuchora kovu, moja baada ya nyingine. Nikawauliza huku nalia, "Mnafanya nini?" Mama Zawadi wala hakuinua kichwa.

"Tunakurudisha. Maji tuliletewa na diwani mwenye kovu. Huyu mrembo hatumjui."

Haleluya! Pale pale mnyororo ukakatika. Miaka yote nilidhani watu wananivumilia na kovu langu, kumbe ndilo walilonijulia! Kesho yake nikapanda jukwaani bila mtandio, upepo unanipiga shavuni. Chini naona fulana zenye kovu kila upande, nyingine limekaa puani, maana wachoraji wenyewe ndio hao. Nilicheka mpaka nikakosa hotuba. Nilishinda, na utukufu ni kwa Bwana, ila mimi nilikuwa nimeshafunguliwa kabla ya kura kupigwa.

Jana, kabla sijaenda kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, nimempelekea yule binti fulana moja. Akaitazama, akanitazama, akashika mdomo. Nikamkumbatia. Hakunikosea yule, alitaka nipendeze tu.

Wewe uliyekaa hapo na kitu chako ulichokifunika, njoo kwa Yesu hivyo hivyo. Picha iliyosafishwa hana kazi nayo, amekujua siku nyingi. Na ibada ikiisha, tupige picha sote. Mtandio nimeuacha hotelini.