Dua ya Bi. Zuhura Nyuma ya Marobota

Tarehe 30 Juni 1998 Bi. Zuhura Luhaga anastaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kuchambua pamba kwa miaka thelathini na moja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Dorotea Mhoja, niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi niliyekaa naye meza moja muda mrefu kuliko wote. Nimekubali. Ila niseme mapema kwamba naandika nikiwa na wivu, na msomaji atauona.

Mzaliwa wa Mirongo, aliajiriwa mwaka 1967 kufagia ghala. Baada ya misimu michache akahamishiwa Chumba cha Madaraja, tunapotenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, kwa macho na vidole. Wapangaji madaraja hatupaki mafuta mikononi msimu mzima, maana mafuta huchafua nyuzi, kwa hiyo viganja vyetu hupauka na kupasuka. Vya Zuhura vilipasuka kama vya wengine, lakini yeye hata kupauka kulimpendeza. Nilikereka sana.

Sote wawili tulitaka kiti kimoja, ukuu wa chumba. Kila mchana, wenzake tukila ugali na sato, Zuhura aliswali adhuhuri nyuma ya marobota, kisha akainua viganja vyake na kuomba kwa Kiarabu, taratibu, dua ileile. Mimi Mkatoliki wa Sengerema nikawa na hakika kwamba anaomba kile kiti. Ningekubalije kuachwa nyuma? Nikavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo hadi parokia ya nyumbani, nikaweka nia ya misa kwa kiti hichohicho.

Kiti kikawa wazi mara tatu, na mara zote kikaenda kwa wanaume. Nililia chooni, kisha nikafurahi kwamba naye amekosa. Yeye aliwapikia pilau waliopandishwa, akalibeba sufuria mwenyewe hadi kazini. Nililila pilau lile kwa hasira, na lilikuwa tamu kweli.

Soko huria lilipofika, wanunuzi binafsi wakamiminika vijijini, kiwanda kikapata mwenye mali mpya, na wenzetu wengi wakapunguzwa kazini. Pamba ikaja imechanganywa, safi na fifi gunia moja. Zuhura akayarudisha malori mazima getini, madereva wakimtukana. Mwenye mali alipoona marobota yetu hayakataliwi na wateja, mwaka 1995 akampa kiti. Wiki ile nilishikwa na homa ambayo hospitali haikuiona kwenye kipimo chochote.

Nilipopata nafuu nilimfuata, nikamsihi anifundishe dua inayoleta kiti. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Kisha akanitafsiria, na kiti hakikuwamo. “Ewe Mola, ukinichelewesha, nimiminie subira, wala usiniache nimchukie aliyenitangulia.” Basi. Akaongeza kwamba siku za pilau ndizo alizoomba kwa muda mrefu zaidi, maana roho ilikuwa inamuuma, tena vibaya. Na mimi miaka yote hiyo nilidhani kwamba kwake haiumi.

Amewafundisha kazi karibu wote waliomo chumbani leo, na hakuna aliyemsikia akimfokea mtu, isipokuwa madereva wale, ambao walistahili.

Kuanzia Julai mosi kiti anakikalia Gladness Mihayo, binti ambaye mimi mwenyewe nilimwonyesha namna ya kuzivuta nyuzi. Siku ya kwanza nitamletea pilau. Mkono wangu si wa pilau, wenzangu mnajua, kwa hiyo mvumilie ukoko.

Dada Zuhura, ahsante kwa kazi, na kwa kunivumilia mezani. Kaa kwako Mirongo kwa raha na afya, na sasa upake mafuta mikono yako hadi ing'ae. Adhuhuri ukiiinua, nitaje na mimi. Dua yako nimeshaikariri yote, ila kila nikifika penye “aliyenitangulia”, ulimi unakwama.