Mtangazaji wa Muziki wa Kompyuta na Masikio Aliyoyaficha

Marehemu kaka yangu, mliyezoea kumwita Nyaya, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayewasomea wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, 1987 hadi 1989. Mwaka 1990 aliajiriwa redio ya umma kama fundi mitambo. Mwaka 2004 aliomba saa moja kila Jumamosi alasiri, apige muziki mpya unaotengenezwa kwa kompyuta. Mkuu wa vipindi akamwambia, "Hii ni redio ya wananchi, siyo karakana." Kaka akajibu, "Na wanaoutengeneza ni wananchi, mzee." Akapewa. Kisha akaenda msalani kutapika, maana alikuwa mwoga tangu utotoni.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 msanii mmoja alimletea wimbo studio, akamuuliza, "Ile sauti nyembamba ya juu haijazidi?" Kaka hakuisikia kabisa. Akasema, "Imekaa sawa," akarudi nyumbani kijasho kinamtoka. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kipi kipya cha kusikiliza, na masikio yalikuwa yanamtoroka. Alificha mwaka mzima, huku akiendelea kupitisha nyimbo na kukataa nyingine, mpaka kengele ya simu ya wifi ilipolia kando ya kikombe chake naye asigeuke. Tangu hapo walisikiliza kila wimbo pamoja, wifi akimminya mkono kila sauti nyembamba ilipoingia.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alipata kiharusi. Alifariki hospitalini Jumanne, 11 Juni 2024, saa mbili asubuhi. Siku mbili kabla aliniambia kwa shida, "Wale niliowakataa mwaka ule, mdogo wangu, sijui kama nilizisikia nyimbo zao. Waambie." Nikamwambia, "Watakuona tapeli, kaka." Akasema, "Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Nimeogopa wiki nzima, na bado naogopa. Kama upo hapa, na wimbo wako ulirudishwa kati ya 2021 na 2022, huenda kaka yangu hakuusikia wote. Wifi ana orodha ya majina kumi na moja ya waliokataliwa. Mleteeni nyimbo zenu tena, atazisikiliza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mimi. Apumzike sasa, pasipo hofu.